Darubini ya Bwana Norman

Habari ilimfikia Raihana bombani, mbele za watu, na aliyeileta alikuwa Kabagwira, mke wa resiponsabule, kiongozi wa mtaa, mwanamke ambaye hajawahi kumletea mtu habari njema.

"Mama Mugabo, mzee wako wamemshika darajani, Nyabarongo. Wanasema ni icyitso."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walisogeza madumu yao. Walisogea tu, kidogo kidogo, kama mtu anavyovuta nguo yake isiguswe na mwenye upele, na ghafla Raihana akajikuta wa kwanza kwenye bomba. Alijaza maji yake. Hata siku ya msiba watu huoga na kupika. Akajitwika dumu moja, la pili akalishika mkononi, akaondoka bila kugeuka, maana alijua akigeuka atamkuta Kabagwira anamtazama miguu aone kama inatetemeka.

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na moja. Tangu vita vianze kaskazini mwa Rwanda mwezi wa kumi, neno lile, icyitso, mshirika wa adui, lilitosha kummaliza mtu bila risasi. Watu walichukuliwa kwa ajili ya redio, kwa ajili ya shemeji aliyeko Uganda, kwa ajili ya jirani mwenye kinyongo. Mume wake, Maneno, alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, na maadui aliowahi kuwa nao duniani ni wateja wasiorudi kuchukua nguo zao. Lakini tangu vita, nani alishonesha? Ndipo akapata kazi ya Jumapili ya kuwapeleka wazungu wawili, Bwana Norman na mkewe Connie, kuangalia ndege kwenye mafunjo ya mtoni. Walikuwa wamekaa Kenya miaka mingi, Kiswahili walikijua, na walimpenda Maneno kwa sababu waliweza kuongea naye.

Nyumbani mama mkwe wake alimwambia asubiri, mambo ya serikali hayakimbiliwi, na kwamba subira huvuta heri. Raihana akamjibu kwamba subira ya jela huvuta maiti. Kisha akabandika maharage.

*

Asubuhi alikuwa darajani na sufuria yake ndani ya kitambaa. Askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, alifunua, akachokoa maharage kwa kijiti, akitafuta nini, yeye ndiye ajuaye. Akaomba kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma, akauliza babu wa mume wake alikuwa mtu wa wapi.

"Ujiji."

"Ujiji iko kabila gani?"

"Ujiji ni mji."

"Basi bwana yako iko mji," askari akasema, akacheka peke yake. Akala vijiko vitatu vya maharage yale akiwa amesimama, barabarani, watu wanapita. Kwetu mtu mzima haonekani anatafuna njiani. Hata mlevi hujificha. Raihana alitazama mto hadi alipomaliza.

Mkubwa wa pale aliitwa ajida Gatera. Alikaa nyuma ya meza katika kibanda cha mabati, na juu ya meza ilikuwepo darubini, nyeusi, nzito, ya macho mawili, na kamba yake ya ngozi imezungushwa vizuri. Gatera hakuwa mtu wa kelele. Alimweleza kama mwalimu anavyomweleza mtoto mzito. Jumapili jioni gari la mzungu lilipita. Akamwuliza mzungu kama ana darubini, kamera, au ramani, maana vitu hivyo vimekatazwa karibu na daraja. Mzungu akasema hana kitu. Wakampekua, hana kitu. Akapita. Nyuma yake akaja Maneno kwa miguu, na darubini hii ndani ya koti.

"Anasema ni ya muzungu," Gatera akasema. "Muzungu anasema hapana kitu. Sasa mama, nani mwongo?"

"Mzungu."

"Basi aje aseme mwenyewe. Asiposema, Jumatatu huyu anakwenda mbele, na huko mbele mimi sina habari naye."

Walimruhusu kuongea na mumewe kwenye tundu la dirisha la chumba cha nyuma. Hakumwona vizuri. Aliona shavu moja na jicho, na jicho lilikuwa limevimba. Maneno alisimulia upesi. Kabla ya kufika darajani Norman alisimamisha gari, akamshusha, akaifunga darubini ndani ya koti lake. Alimwambia, wewe ni mwenyeji, wanakuona kila wiki, hawatakupekua. Tutakungoja ng'ambo.

"Na wewe ukapokea," Raihana akasema.

"Ni mgeni, Raihana. Mgeni nimkatalie mzigo?"

"Ulipokea kwa mikono miwili?"

Maneno akaliondoa jicho tunduni. Alikuwa amepokea kwa mikono miwili, na kuinama kidogo, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Wakati wananitoa koti," akasema baadaye, "gari lilikuwa bado limesimama ng'ambo. Mama Connie alikuwa ameshafungua mlango. Bwana akaufunga, wakaenda."

*

Nyumba ya Norman ilikuwa Remera, nyuma ya ukuta wenye maua. Zamu, mlinzi wa getini, alifungua kidirisha, akamwangalia Raihana kutoka mtandio hadi kandambili, akasema muzungu iko anapumzika. Raihana akasema atangoja. Zamu akasema hapa si pa kungojea, angoje kule barabarani. Akangoja barabarani.

Kupitia kidirisha kile, ambacho zamu alisahau kukifunga, aliona bustani. Umusambi alikuwa akitembea juu ya majani, yule ndege mrefu mwenye taji la dhahabu, ambaye mtu akimuua Rwanda hii watu huanza kuhesabu lini atapata balaa. Alikuwa amekatwa bawa moja asiruke. Mfanyakazi alitoka na bakuli, akammwagia mahindi, akamwongelesha kwa upole. Jua lilikuwa kali. Raihana alikuwa hajanywa hata maji.

Norman alipotoka alikuja hadi getini lakini hakulivuka. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye nywele za mvi, mwenye sauti ya kanisani. Alisema ana huzuni sana. Alisema usiku hakulala. Alisema Maneno ni kama ndugu yake. Alisema pia kwamba siku hizi ni mbaya, na kwamba mgeni akijitia katika mambo ya askari huyaharibu zaidi. Na kwamba kibali chake cha kazi kinaisha Machi, na ofisi yake imewaonya wote wasijitie katika siasa.

"Si siasa," Raihana akasema. "Ni darubini. Sema ni yako."

"Mama, nikisema ni yangu, nimesema nilidanganya."

"Si ulidanganya?"

Norman akatazama viatu vyake. Akatia mkono mfukoni, akatoa bahasha iliyokuwa tayari, imekunjwa, inangoja. Raihana aliichukua. Mtu asimwambie kwamba angeitupa chini. Watoto walikuwa hawajui heshima inapikwa na chumvi gani, na askari wa bariyeri hawamwachii mtu dirisha bure. Lakini aliipokea kwa mkono mmoja, wa kushoto, na zamu, aliyekuwa mwenyeji, akageuza uso kwa aibu. Norman hakuona kitu. Alishukuru.

Connie alikuja nyuma ya mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliuliza Maneno anakula nini, watoto wanaendeleaje. Halafu akasema jambo ambalo Raihana alilisikia masikioni njia nzima ya kurudi. Alisema hawajawahi kumwona yule ndege wa mafunjo, mwekundu tumboni, wa manjano utosini, na kwamba Maneno alikuwa ameahidi Jumapili hii. Sasa hawajui nani mwingine anaifahamu njia.

Raihana aliwatazama mmoja mmoja. Hasira ilikuwa imempanda hadi ikafika mahali ambapo haichemki tena, inatulia tuli, kama mafuta kabla ya kutiwa kitunguu.

"Mimi," akasema. "Nitawapeleka mimi. Mtumbwi ni wa baba yangu."

*

Ni kweli. Baba yake alikuwa mvushaji Nyabarongo, na kwa kuwa hakupata mtoto wa kiume alimfundisha Raihana kafi, watu wa kivukoni wakisema anamharibu, mwanamke wa kafi haolewi. Aliolewa, akaweka kafi chini kwa heshima ya mume, na ni yeye aliyemfundisha Maneno njia za mafunjo ili wazungu wafikiri ni ujuzi wa kiume. Kipande kile cha bwawa kilikuwa na matuta ya viazi vitamu ya mama yake, kabla mradi mmoja haujaweka kibao kwamba ni mahali pa ndege na binadamu asilime. Hayo hakuyasema.

Jumapili Norman hakutaka kupita darajani. Aliacha gari kileleni, wakashuka mlima kwa miguu kupitia migombani, Raihana mbele, wao nyuma na kofia zao. Norman alikuwa na furaha ya mtu aliyetoroka shule. Alionyesha mwewe, alionyesha ua. Alikula mkate akitembea, makombo yakimwangukia kifuani, na watu waliokuwa wanatoka kanisani walisimama kando ya njia wakaangalia chini kwa ajili yake. Connie alibeba kikapu cha mkate kilichofunikwa kitambaa cha mistari. Alimpa Raihana kipande. Raihana akasema amefunga, ingawa haikuwa siku ya kufunga.

Mtumbwini aliwakalisha katikati, yeye akasimama nyuma. Vijana wa kivukoni walipiga mluzi, mmoja akauliza kama Biryogo wanaume wamekwisha. Akamjibu kwamba mmoja bado yupo, yuko kwa ajida, akitaka amfuate. Mluzi ukakoma.

Ndani ya mafunjo hakuna upepo. Mashina yanasimama pande zote kama ukuta wa nyumba isiyo na mlango, maji ni meusi, na visiwa vya mafunjo huhama usiku, hivyo njia ya wiki jana leo ni ukuta. Raihana alipita kwa kusikiliza. Walipofika uwazi mdogo alizuia mtumbwi kwa kafi. Connie akatia mkono ndani ya kikapu, chini ya kile kitambaa cha mistari, chini ya mkate, akatoa darubini nyingine.

Kwa hiyo walikuwa nazo mbili. Mume wake yuko ndani kwa moja, na hawa wameleta ya pili.

Yule ndege akatokea. Alipanda shina, akalia mara moja, tumbo jekundu kama pilipili, utosi kama kiini cha yai. Connie alianza kulia. Alimshika mumewe mkono, machozi yakamtiririka chini ya darubini, akanong'ona kwamba hajawahi kuona kitu kizuri hivi. Raihana alimtazama ndege yule. Alikuwa mzuri, hakukana. Akafikiri kwamba machozi yale yalikuwepo tangu wiki jana, kumbe yalikuwa yamewekewa ndege.

Ndege alipoondoka aligeuza mtumbwi. Norman alikuwa akiongea juu ya chai. Ilichukua muda kabla hajatambua kwamba mafunjo yameisha, kwamba wako kwenye mto wenyewe, na kwamba mto unawabeba kwenda upande usio wa gari.

"Mama, njia ni ile."

"Ile ni ya gari. Hii ni ya daraja."

Norman alimwambia ageuze. Kisha akamwomba ageuze. Kisha akasimama, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia, Connie akapiga kelele, Norman akaketi upesi akashika kingo kwa mikono yote miwili.

"Kaa vizuri," Raihana akasema. "Mimi naogelea. Nyie sijui."

Akawaeleza bila kupandisha sauti. Mbele wanafika kwa ajida Gatera. Wanaweza kushuka na kusema wenyewe kwamba ile darubini ni yao. Au wanaweza kukaa kimya, na askari watapekua mtumbwi, maana wanapekua kila kitu, hata maharage wanapekua. Watafunua kikapu, watauliza hii ya pili ya nani. Akasema hatawaambia lipi la kufanya. Yeye ni dereva tu.

"Unatutishia," Norman akasema.

"Ndiyo."

Connie alikuwa ameinamia kikapu. Alisema kwa Kiingereza maneno marefu, kwa sauti ambayo Raihana hakuhitaji kufasiriwa. Ni sauti ya mke anayesema, nilikwambia tusimame. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, "Atasema, Mama Mugabo."

Daraja lilikuwa limeshaonekana. Askari mmoja alikuwa amekwisha kuinua bunduki.

*

Gatera alipoona mzungu analetwa ameloa hadi magotini, aliagiza viti. Viti viwili, na soda; kikapu hakuna aliyekigusa. Raihana akasimama mlangoni. Norman alikaa akasema ni yake, alisahau kusema siku ile, alichanganyikiwa. Uongo ule aliuita kusahau. Gatera alicheka kwa adabu, akasema hata yeye husahau, akasema sisi hatuli wazungu, bwana, ungesema tu. Akaichukua darubini juu ya meza, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mambo yakaisha hivyo. Chupa ya soda ilikuwa bado nusu. Norman akajivika darubini shingoni, akasimama, akamshika Gatera mkono.

"Na mtu?" Raihana akasema.

Gatera akamgeukia kama aliyesahau kwamba yupo. Mtu ni jambo jingine. Mtu ameshaandikwa. Mkubwa wake ndiye wa kumtoa, na mkubwa wake leo hayupo. Arudi kesho, au keshokutwa. Kesho ndiyo ilikuwa Jumatatu.

Norman alimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, nimefanya ulivyotaka. Nimesema." Akamshika mkewe kiwiko. Alikuwa tayari anaelekea nje kwenye mwanga.

Raihana hakumzuia. Aliwatazama askari waliokaa kivulini, bunduki magotini, tangu asubuhi. Akatazama kikapu kilichobanwa kifuani mwa Connie.

"Mama Connie," akasema, taratibu, kama mwanamke anayekumbusha mwenzake adabu za ugeni. "Vijana hawajala. Wape mkate."

Askari wawili wakainuka, wakitabasamu. Mmoja akanyoosha mkono. Connie alikuwa mweupe kama mkate wenyewe. Hakuachia kikapu, wala hakukivuta. Alimtazama mumewe.

Norman akarudi. Akaivua darubini shingoni, akairudisha mezani, mahali palepale, akakaa kwenye kiti chake. Haukuwa ushujaa. Gari lilikuwa juu mlimani, mtumbwi haukuwa wake, na mkono wa askari ulikuwa bado umenyooshwa. Akasema atamngoja mtu wake.

Mtu wake. Raihana alilimeza neno lile; lilikuwa na miiba, lakini alilimeza. Alifunua kile kitambaa mwenyewe, kidogo tu, akakata mkate kwa vidole ndani ya kikapu, akawapa askari vipande vinono, akafunika tena. Gatera alimtazama Norman, akaitazama darubini. Mzungu anayeondoka ni mzungu. Mzungu anayekaa ni maneno, na simu, na ubalozi. Akaita askari, akamtuma kumtafuta mkubwa ambaye leo hayupo. Mkubwa akapatikana. Alikuwa nyuma ya kibanda, amelala.

*

Maneno alitoka jua likiwa limeinama. Shati lake lilikuwa limevaliwa ndani nje, hakuwa na viatu, na mkono wa kulia, mkono wa mkasi na sindano, ulikuwa umevimba vidole vyote. Alimwangalia mkewe, akaangalia kafi mkononi mwake, akaelewa, akashusha macho.

Norman alimwendea mbio na mkono mbele. Maneno, kama mtu mwenye mkono mchafu au mgonjwa anavyofanya, alimpa kifundo cha mkono. Norman akakishika kifundo kile akakitikisa kwa nguvu, akisema pole, pole sana, ndugu yangu. Jasho lilimtoka Maneno.

Walitembea hadi mtoni. Bariyeri ilikuwa hatua chache nyuma yao, askari wanafuta makombo midomoni, wanatazama. Hapo Norman akaivua tena darubini ile, aliyoichukua mezani wakati wa kutoka. Macho yake yalikuwa na maji.

"Chukua," akamwambia Maneno. "Kabisa. Ni yako sasa. Ni kumbukumbu."

Akaisukuma kifuani mwake. Na Maneno, Mungu amsamehe, mikono yake miwili ilianza kuinuka yenyewe, mzima na mgonjwa.

Raihana alimpiga juu ya mikono ile. Si kwa nguvu, lakini alimpiga, kama apigwavyo mtoto anayetaka kushika moto. Akamshika begani, akamwingiza mtumbwini, akamkalisha mbele. Akauma meno, akasukuma mtumbwi majini, akaruka ndani.

Connie aliuliza, na wao? Gari liko juu, mlima ni mrefu, na kila anayepita anapekuliwa pale bariyeri, na jioni hii, na kikapu hiki. Norman alikuwa bado amesimama ukingoni, ameshika darubini kwa mikono miwili, anatafuta pa kuiweka.

Raihana alitazama ule mtumbwi wa baba yake, uliowahi kubeba ng'ombe wawili na bibi harusi. Ndani yake alikaa mume wake peke yake.

"Umejaa," akasema, akapiga kafi.